Samaki Niliyemwinua Mimi

Nyumba Na. 4, Njia ya Kanisani,
Nether Harkett,
Shropshire,
Uingereza.

Jumapili, 4 Julai 1993

Mpendwa dada yangu Beryl,

Salamu nyingi zikufikie huko Tasmania, wewe na shemeji Alf na kondoo wenu wote. Natumaini goti limepata nafuu, na kwamba baridi ya huko haijakushika vibaya, maana najua kwenu sasa ni kipupwe wakati sisi huku tunaota jua. Barua yako ya mwezi wa tano ilifika na picha ya wajukuu. Nimeisimamisha kwenye rafu ya sebuleni, na kila anayeingia lazima aoneshwe, hata yule mtu wa kusoma mita ya gesi.

Sisi tu wazima wa mwili. Masikio ya mzee wangu Len yamezidi kuharibika, ingawa nadhani mengine ni makusudi, kwa sababu neno "chai" analisikia akiwa huko mwisho wa bustani. Mimi presha imepanda. Daktari aliniuliza kama kuna jambo linanisumbua. Nikamwambia, daktari, jambo lipo, lina miaka hamsini na sita na kipara, na linaitwa Desmond Pugh.

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu, maana nikikasirika mwandiko wangu unalala chini kabisa. Naomba uisome mpaka mwisho kabla hujashika simu. Kuna jambo huku mbele linakuhusu wewe, na utanikasirikia, na haki yako. Lakini kwanza nisikilize.

Mwanangu Roz hajambo. Tena "hajambo" ni neno dogo. Bado anaendesha lile lori kubwa la kukusanya maziwa mashambani, na analirudisha nyuma ndani ya uwanja wa akina Bebb bila kugusa ukuta. Madereva watatu kabla yake, wanaume wote, walishindwa, na ukuta una alama zao mpaka leo. Mwezi wa pili boila yetu ya maji ya moto ilipokufa aliifungua yeye mwenyewe, akaisafisha, akaifunga, na ile skrubu moja iliyobaki mezani haijatuletea shida yoyote. Mzee Bebb anasema msichana kama yule angekuwa wake angemwachia shamba. Nikamwambia, angekuwa wako, angekuwa na miguu mifupi.

Na kuvua sasa! Sisemi kwa sababu nimemzaa mimi. Unakumbuka Baba alivyokuwa mtu wa kununa tangu ziwa lifungwe katikati ya Machi mpaka lifunguliwe tarehe kumi na sita Juni? Basi Roz kamrithi vilevile. Wiki ya mwisho hagusiki. Anasafisha fito zilizokwisha safishwa, anafunga ndoana, anafungua, anafunga tena. Akiwa ukingoni mwa maji ndipo anakuwa mtu.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wake, Beryl. Kila mtu kijijini alijua. Kombe la Tranter limeandikwa majina ya miaka arobaini na mitano, na ukilizungusha lote hukuti jina la mwanamke hata moja. Kombe la baba yetu! Na sisi binti zake alitutumia kubebea mikate ya mayai. Nikajisemea, safari hii litarudi nyumbani, na litarudi na jina la binti yangu.

Mashindano yalikuwa Jumapili ya tarehe ishirini, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Walikuwa watu kumi na tisa, na Roz peke yake ndiye aliyevaa hereni. Kura za mahali pa kuvulia zilipovutwa akapata nafasi ya kumi na moja, pale kwenye yungiyungi karibu na banda la zamani la mashua. Nafasi nzuri mno. Samaki aina ya tenchi wanapapenda pale kama Len anavyolipenda kochi lake.

Ila jirani yake nafasi ya kumi akawa Ivor Gittins. Wewe humjui huyu, alihamia baada ya ninyi kuondoka. Ana duka la vifaa vya bustani, na kiti chake cha kuvulia kina droo nyingi kuliko kabati langu la nguo. Aliponiona naweka kiti changu nyuma ya Roz na chupa yangu ya chai, akaanza.

"Roz, umeleta mama akushike mkono?"

"Amekuja kukufundisha adabu, Ivor," Roz akamjibu bila kugeuka, "ila nusu siku haitatosha."

Watu walicheka mpaka ng'ambo ya pili. Ziwa letu unalijua, dogo na kimya kiasi kwamba mtu akipiga chafya upande huu, wa upande ule anamwombea afya. Desmond, msimamizi wetu wa mashindano, akapuliza filimbi, kimya kikarudi.

Dada, laiti ungemwona. Alitupa boya lake mahali pamoja, kando ya jani lilelile, kila mara, kana kwamba kuna mtu amemchorea alama. Chambo kilikuwa minyoo myekundu kutoka rundo langu la mboji, kwa hiyo sehemu ya sifa ni yangu na sioni haya kuidai. Ukaja ule mchemko wa vipovu vidogo vidogo kama vya soda. Boya likainuka kidogo, likalala, likazama. Tenchi wa kwanza, kijani kama chupa, ana jicho jekundu, anateleza kama sabuni. Kufika saa tano alikuwa nao saba katika ule wavu wake mrefu majini, mbali na vidagaa vya rangi ya fedha. Ivor naye alikuwa anavuta, siwezi kusema uongo. Lakini alikuwa anachungulia kwetu zaidi kuliko alivyotazama boya lake.

Zilipobaki kama dakika kumi, Roz akanasa mkubwa. Niliujua ukubwa wake kwa jinsi ufito ulivyopinda mpaka kwenye mkono. Samaki akakimbilia yungiyungi. Roz akasimama ili amzuie, na aliposimama buti lake likagusa mpini wa wavu wa mkono, ule wa kumwinulia, ukateleza kwenye matete chini yangu. Yeye hakuweza kuufikia. Mkono mmoja unazuia samaki, mwingine unajaribu kunyoosha, ni kama mtu anayetaka kufunga mlango wa mbele huku ameshika wa nyuma.

Beryl, mimi sikufikiri. Mama yeyote angefikiri saa ngapi? Niliingia kwenye tope na viatu vyangu vya kanisani, nikashika mpini, nikaupitisha wavu chini ya samaki, nikainua. Nilimsikia Roz akisema, "Mama, usi..." lakini samaki alikwisha kuwa ndani, mzito kama mtoto wa siku mbili, na mimi nilikuwa nacheka kwa furaha.

Roz hakucheka. Nikamwambia, "Weka, weka, muda unakwisha!" Akamtoa ndoana taratibu kama kawaida yake, akamweka pamoja na wengine. Nilidhani amekasirika kwa ajili ya viatu vyangu.

Filimbi ikalia, na Desmond akaja na mizani yake ya kutundika na daftari lake. Ivor akapima, ratili ishirini na nane na wakia moja. Kisha wakaja kwetu na umati nyuma yao. Roz akavuta wavu wake, akafungua mdomo kusema, nilimwona kwa macho yangu haya mawili akifungua mdomo, na kabla neno halijatoka yule Ivor akapaza sauti.

"Yule mkubwa usimpime, Desmond. Yule ni wa mama yake."

Desmond akamgeukia Roz.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Roz akasema. "Nilikuwa nataka kukuambia sasa hivi."

"Eeh, bila shaka," Ivor akasema, na wawili watatu wakacheka kwa pua.

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, dada, na haijalala tangu siku hiyo. Siyo samaki. Ni kile kicheko cha pua. Roz hajawahi kusema uongo tangu amezaliwa. Akiwa na miaka sita alirudi dukani kwa mguu kumrudishia mwenye duka peremende moja iliyozidi. Halafu leo mwuza majembe anamfanya aonekane mwizi aliyeungama kwa sababu amekamatwa!

Desmond akatoa kile kitabu kidogo cha kanuni, kile cha Baba chenye jalada la kijani. Akashusha miwani puani, akasoma kwa sauti ya mchungaji: Kanuni ya tisa, kila mvuvi atamwinua samaki wake kwa mkono wake mwenyewe. Akanitazama mimi, akasema, "Bi Muriel, hayo ni maneno ya baba yako." Bi Muriel! Mtu niliyemfuta kamasi shuleni!

Wakampima yule samaki pembeni, ratili tano na wakia mbili. Waliobaki, ratili ishirini na saba na wakia sita. Piga hesabu mwenyewe. Pamoja naye, Roz ni bingwa kwa mbali. Bila yeye, ni wa pili. Kisha wote wakarudishwa majini kama kawaida, na yule mkubwa akaondoka polepole bila kujua amevunja nyumba ya watu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Kama una kawaida ya kumsomea Alf barua zangu kwa sauti, tafadhali jikohoze hapa, umwambie ukurasa umechanika.

Siku tatu nilikaa na maneno yale ya Desmond tumboni, "maneno ya baba yako." Siku ya nne, Alhamisi, nikashindwa. Nilivaa koti nikaenda kwake. Alikuwa anakata ua wa mbele kwa mkasi mkubwa.

Nikamwambia, "Desmond, mwaka hamsini na sita."

"Hamsini na sita kuna nini?"

"Mwaka ule ulipochukua kombe. Samaki wako wa mwisho. Nani alimwinua?"

Mkasi ukasimama. Akatazama dirisha la jikoni, ambako mkewe Noreen alikuwa anaosha vyombo, kisha akakaa kwenye toroli, juu ya majani aliyokata.

"Beryl alikuambia."

"Aliniambia siku ileile, Desmond. Tulilala chumba kimoja."

Ndiyo, dada. Nimesema. Miaka thelathini na saba nimekaa na siri yako kama nilivyokuapia, kwamba ulimwinulia yule samaki kwa sababu ulikuwa unampenda, na Baba alikuwa upande wa pili anazungumza na mchungaji, na mtu mwingine hakuona. Sijamwambia hata Len, na Len hasikii. Lakini kumwona mtu yule yule, ambaye jina lake limechongwa kwenye kombe kwa mkono wako wewe, anamsomea binti yangu kanuni ya tisa, hapana. Hapana kabisa. Ningenyamaza ningepasuka.

Akaniuliza taratibu, "Unataka nini, Muriel?" Ule u-Bi umekwisha, umeona?

Nikamwambia ninachotaka anakijua. Akasugua kipara chake. Kisha akasema kuna kanuni ya kumi na nne, samaki kwanza. Yaani usalama wa samaki unatangulia mashindano. Angeweza kuiita kamati ikae tena na kueleza kwamba nilimwinua samaki asije akajifunga kwenye yungiyungi na kubaki na ndoana mdomoni. "Baba yako aliiandika na hiyo pia," akasema. "Wakiisikia kutoka kwangu watakubali. Ivor atapiga kelele, lakini hana kura."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa furaha. Nilipita dukani kwa muuza nyama, nikapika pai ya nyama na figo, ile Roz anayoipenda, na ukoko wake wa juu nikaupamba kwa samaki wa unga. Alipoingia na harufu yake ya maziwa, nikamketisha, nikamkatia kipande kikubwa, nikamwambia kombe linakuja.

Akaweka uma chini. "Linakujaje?"

Nikamweleza kanuni ya kumi na nne. Akasema kamati siyo wapumbavu, siku ile hawakuikumbuka, leo wameikumbushwa na nani? Nikasema na Desmond. Akasema Desmond amekumbushwa na nani? Unajua jinsi alivyo, Beryl, anakufuata neno kwa neno kama anavyomfuata tenchi, hakuvuti, hakuachii. Basi nikamwambia yote. Wewe, Desmond, mwaka hamsini na sita.

Alicheka kwanza. "Shangazi yangu Beryl?" Wewe ni mama mkubwa wake, lakini anakuita shangazi tangu utoto na sijaweza kumbadilisha. "Shangazi Beryl kaingia majini kwa ajili ya Desmond Pugh?" Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Kisha kicheko kikaisha.

"Mama, umemtishia."

"Nimemkumbusha."

"Mama."

"Haya, nimemtishia. Na yeye amestahili! Wamekuita mwizi, Roz!"

"Na nikilichukua kombe sasa hivi, watakuwa wamekosea wapi?"

Hasira yangu nikamrushia yeye. Nikamwambia ana kichwa kigumu, ana kiburi cha babu yake, na kwamba nimeharibu viatu vya ngozi kwa ajili yake. Aliniacha nikamaliza.

Kisha akasema, na hakusema kwa ukali, "Mama, zile ratili ishirini na saba nilizitoa mwenyewe. Kila samaki, mkono wangu. Hizo hata Ivor hawezi kuzipinga. Usinichanganyie na kitu kingine. Niachie hizo."

Nikachukua sahani yake nikaenda kuipasha moto, ingawa ilikuwa bado inatoa moshi.

Asubuhi yake, kabla ya lori, alipita kwa Desmond mwenyewe akamwambia asiite kamati yoyote, na kwamba habari ya mwaka hamsini na sita yeye hajaisikia. Desmond alitaka kumshika mkono, akashindwa aushike upi, maana yote miwili ilikuwa na mafuta ya lori. Hayo ya mkono kanieleza Noreen, aliyekuwa anachungulia dirishani na mpaka leo hajui kilichokuwa kinazungumzwa. Nami sikumwambia. Nimejifunza, ingawa nimechelewa.

Basi ndivyo ilivyo. Jina la Ivor Gittins linachongwa wiki hii kwenye kombe la baba yetu. Hasira yangu haijaisha, usidhani nakuandikia nimetulia. Namkasirikia Ivor kwa mdomo wake, Desmond kwa miwani yake, Baba kwa kuandika kanuni nyingi zote nzuri, na mkono wangu wa kulia ambao hauwezi kutulia kwenye paja mwanangu akiwa anahangaika. Tarehe thelathini na moja kuna chakula cha jioni cha kukabidhi kombe. Roz amesema tunakwenda, na kwamba nitapiga makofi. Nitapiga. Mara mbili, sizidishi.

Na wewe, Beryl, nimekukosea. Ulinipa siri yako tukiwa wasichana, nikaitunza miaka yote hiyo, halafu nikaitoa kwa siku moja, na sikununua nayo kitu. Ningeweza kukuficha, usingejua kamwe, bahari zote hizo katikati yetu. Lakini nimekaa nyumba moja na yule binti wiki hizi mbili, na nimeona haya kuwa mama yake na kukuficha. Nikasirikie. Niandikie barua kali, kurasa nane ukitaka. Ila niandikie.

Msalimie sana Alf, na mwambie ukurasa ulichanika kweli. Wasalimie mwanao Keith na mkewe, na wabusu wajukuu kila mmoja shavu lake. Len anakusalimu, nimemuuliza kwa kupaza sauti na amesema ndiyo. Roz anakusalimu kipekee, na ameniagiza nikuulize yule samaki wa mwaka hamsini na sita alikuwa na ratili ngapi. Anasema hilo tu ndilo analotaka kujua.

Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe mvua ya kiasi na kondoo wasiopotea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote, hata leo nilivyofura,

Muriel